Kiti cha Kushoto

Nyabuto, mkwe wangu, wewe uliyelazwa chini ya migomba ya kwenu,

Naandika kwa penseli ya mjukuu. Kama herufi zinapanda na kushuka, nyamaza tu, ulizoea kunyamaza mbele yangu. Darasa la kanisa lilinifundisha jina langu na zaburi mbili, basi. Lakini mikono hii ilifungua trekta kule kwenye mashamba ya chai ya Kericho na kuifunga tena bila nati moja kubaki chini. Mzungu wangu alipoondoka baada ya Uhuru aliniachia gari ile ya kijivu kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuiamsha asubuhi. Kutoka Nyamira mpaka Nyamarambe, taja Omwenga fundi, uone kama kuna asiyejua.

Sasa sikia. Gari niliyokupa ubebe ndizi imerudi kwangu. Ndugu zako waliikokota kwa ng'ombe mpaka kwenye uwanja wangu, wakafungua kamba, wakaondoka bila kunywa hata maji. Nimeosha damu mwenyewe kabla binti yangu Kwamboka, mkeo, hajaiona. Ndizi zilizosagika sakafuni zilinisumbua kuliko damu. Nasikia watu waliofika mbio siku ile waliokota ndizi kwanza, wewe baadaye. Usiwalaumu sana. Ulikuwa umeshakufa, na ndizi zilikuwa nzuri. Nilizikata mimi.

Kwenye mazishi yako nilisema neno. Ndugu zako waliuliza mbele ya watu wote kama gari ilikuwa na ugonjwa. Nikasimama kando ya jeneza, nikasema, "Gari ilikuwa nzima. Niliitengeneza kwa mkono huu. Muulizeni aliyeshika usukani." Watu wakakuangalia wewe jenezani. Kabla udongo haujaanza kuingia, maneno yangu yalikuwa yameota miguu. Kama gari ni nzima, na mtu ameingia chini ya lori la majani chai mchana, basi mtu huyo alikuwa amekunywa. Wewe, Msabato uliyechuma majani chai miaka yote hiyo na hukuionja chai yenyewe, kwa kuwa kanisa linaikataza. Wazee wa kanisa wakafunga vitabu vya nyimbo. Ulishuka bila wimbo, kama mbwa. Na mimi nilitikisa kichwa, kama mtu anayejua mengi zaidi lakini anakuhurumia. Sasa shuleni wanao wanaitwa watoto wa mlevi.

Ulikuja kwangu mara tatu kuhusu gari hiyo. Sijasahau hata moja.

Mara ya kwanza ulisema inazimika yenyewe njiani, waipa za kufuta mvua kiooni zinasimama, halafu baada ya kitambo inawaka kana kwamba hakuna kitu. Nikakutoa ndani, nikaingia peke yangu, nikaenda mpaka mtoni nikarudi, injini ikiimba. Mara ya pili nilibadilisha plagi, nikasugua na pointi za kuwashia moto. Nikaenda mtoni peke yangu. Ikaimba. Mara ya tatu ulisimama na kofia mkononi, macho kwenye viatu vyangu kama inavyompasa mkwe, ukaniita baba, ukasema, "Tata, inazimika mtu akikaa hapa mbele. Panda tu mara moja, twende mpaka mtoni."

Nikawaita majirani waje wasikie. Nikawaambia mkwe wangu ana gari inayoona haya ikiona wageni, kama bibi harusi. Walicheka mpaka ukacheka na wewe. Kupanda nilikataa. Nilisema ni chinsoni, ile heshima yetu ya baba mkwe na mkwe, hawabanani bega kwa bega. Ni kweli ipo. Lakini mzee mmoja pale alisema heshima haijawahi kuzuia gari kutengenezwa, na mimi nilijifanya sikumsikia. Sikuogopa chinsoni, Nyabuto. Niliogopa izimike nikiwa ndani, wewe umeshika usukani, majirani wanaangalia.

Asubuhi yako ya mwisho nilikuletea mkungu mkubwa kuliko yote shambani mwangu, ili soko lote la Daraja Mbili lijue ndizi za Omwenga. Nyuma kulikuwa kumejaa. Nikauweka mbele, kiti cha kushoto, ulikuwa mzito kama mtu mzima. Ukasema asante Tata. Mvua ikakukuta kwenye mteremko, na lori likiwa linapanda.

Niliigonga gari mpaka ikanyooka. Ilipowaka, niliipitisha mbele ya boma la ndugu zako nikipiga honi, waone kwamba haina ugonjwa. Ndiyo, nilifanya hivyo. Wiki hiyo hiyo Kwamboka akaniomba nimpeleke Nyamira. Akaketi mbele. Tulipoanza kushuka kwenda mtoni nikaachia pedeli ya mafuta, na gari ikafa. Akashuka asukume. Ile taa ndogo nyekundu ya dashibodi ikawaka. Akaketi tena, ikazimika. Akainuka, ikawaka. Nikamwambia keti, simama, keti, simama. Mjane wa juzi, na nguo zake za matanga, namchezesha barabarani. Mara ya saba alikataa kuketi.

"Tata," akasema, "alikuambia."

Niling'oa kiti. Betri iko chini yake, unajua, niliihamishia huko mwenyewe kule mbele kulipoliwa na kutu. Waya nene haikufika. Nikaunganisha vipande viwili kwa kuvisokota, nikafunga kwa mpira wa tyubu. Mtu akiketi, au mkungu ukiwekwa, springi za kiti zinashuka, zinakanyaga lile fundo, na waya zinaachana. Akiinuka, zinagusana. Ukienda kasi dainamo inaibeba injini na hujui kitu. Ukipunguza kwenye mteremko, kila kitu kinakufa pamoja, na waipa nazo. Fundo lenyewe ni langu. Mizunguko mitatu kushoto, mmoja kulia, hakuna mwingine Kisii hii anayefunga hivyo. Nimejisifu kwa fundo hilo tangu Kericho.

Nikamwomba Kwamboka anyamaze. Nilimwambia marehemu haumwi na maneno. Akasema watoto wake si marehemu. Tangu siku ile ananisalimu kama mtu wa njiani.

Na wewe nimekukasirikia, usidhani umepona. Kwa nini hukunishika shati ukanitupa kwenye kile kiti? Ulikuwa kijana, una mikono. Mimi baba mkwe wangu nilimbishia mpaka akanifukuza na fimbo, na nikaishi. Wewe ulisimama na kofia. Adabu yako ilikuwa ya kijinga na mimi niliila kama ugali.

Fundo sijaligusa. Kiti nimekirudisha vile vile. Sabato hii naipeleka gari mpaka uwanja wa kanisa, na ndugu zako nimewaita waje. Watasema nimefanya ufundi siku ya Bwana. Waseme. Yule mzee aliyefunga kitabu cha nyimbo kwanza ndiye nitakayemketisha mbele. Ni mnene, hatapata nafasi ya kusema hakuona. Keti, simama. Waone taa wote. Kisha nitang'oa kiti niwaonyeshe fundo, na watalijua, kwa maana hakuna hata mmoja wao ambaye sijamringia nalo. Hapo sitahitaji kutaja ni la nani. Nitataja. Kwa sauti ile ile ya mazishini, na wanao wakiwa mstari wa mbele. Halafu wafungue vitabu wakuimbie ule wimbo wako.

Wakikataa, nitauimba mwenyewe. Unajua sauti yangu ilivyo mbaya. Utavumilia, ulizoea.

Wakishamaliza nitakuja kwenye migomba. Mkwe na baba mkwe hawakai bega kwa bega, lakini sasa umenyooka hivyo na mimi magoti yamekwisha, nani atatuona. Nitaketi chini, upande wako wa kushoto.

Lala, Nyabuto.

Omwenga