Kinyongo Kilichofunga Mfereji

Baba Saidi, mume wangu,

Salamu zikufikie huko Kwedizinga, Handeni, kwa mjomba wako. Sisi tu wazima, ila tumechoka. Bahasha sijaifunga, atakayekuletea na asome, maana yaliyomo humu Mpale nzima inayajua.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu, jiwe lilipoziba mfereji? Wewe na rafiki yako Mhina mlilisukuma tangu asubuhi, mmevua mashati, mnataniana. Maji yalipopita ulikuja mbio, miguu yote tope, ukasema, "Mke wangu, weka sufuria!" Mahindi yenyewe hata ndevu yalikuwa hayajatoa. Nilicheka nikakaa chini. Na ulipougua homa kule kwenye mkonge, Korogwe, Mhina alikuwa akimaliza kukata sehemu yake, anakata na yako.

Halafu likaja lile la ujumbe, la kumchagua jumbe wa kijiji. Bwana Shauri wa serikali akafika, akaamuru wanaume wajipange nyuma ya wamtakaye, wewe au Shekue. Sisi wanawake tulikaa pembeni, hatukuulizwa. Nilimwona Mhina akisitasita, kisha akaenda kwa Shekue. Nikakuona na wewe unamwona. Najua iliuma, hata mimi iliniuma.

Shekue akashinda, na jioni ile ukasema mwenye ujumbe wake achimbe mfereji na watu wake. Wenzako wakayashika maneno hayo kama dini. Wa Shekue nao wakasema hawawachimbii wavivu. Pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, ikilia, hatoki mtu. Wewe ukafunga mzigo, ukaenda zako.

Sasa banio la kuingizia maji mferejini limebomoka, tope limejaa, mahindi yanajikunja. Mvua ya kuyaokoa hatuioni. Mimi na mke wa Shekue tunakutana bondeni, tunatwishana madebe, wala hatuulizani mume wa nani alishinda. Nimechoka kusikia nani alimsaliti nani. Shekue ana makosa yake, majivuno yamemzidi. Lakini mfereji haukuchimbwa na jumbe, na ukikauka hatutakula ujumbe. Wenye kuuacha uzibe ni sisi sote, wa huku na wa kule.

Juzi wazee walituita kwenye banio. Desturi unaijua: mwenye kinyongo hagusi jembe la mfereji mpaka aseme kinachomuuma, ajaze maji kinywani, ayateme mbele ya watu. Shekue alitema. Mhina alitema huku analia, akasema, "Nilidhani rafiki yangu atanielewa." Akabaki mtu mmoja, naye yuko Handeni.

Nikasimama, nikaomba nikutemee. Mzee mmoja akanikatalia kwa upole. "Mama, mke hatemi kinyongo cha mume."

"Basi nitatema changu," nikamwambia.

"Wewe una kinyongo na nani?"

Nikalitaja jina lako, Baba Saidi. Nikasema umeniachia shamba, umeniachia maneno ya watu, ukaenda kukaa na hasira zako kwa mjomba. Nikajaza maji kinywani, nikayatema. Halafu nikashika jembe, na wanawake wenzangu wakanifuata, na wanaume wakaona haya kusimama.

Kwangu mimi yamekwisha. Tumechimba mpaka kwenye mpaka wa shamba letu, tukaishia hapo. Kipande kilichobaki ni chako.

Ni mimi mkeo,
Mama Saidi