Akteri Iko Ndani ya Damu

Yaya Furaha, weye pamoja na ile kidole uliyokata na kisu, pokeeni salamu za mvua ya Bunia!

Uliniambia sinema haiwezi kufundisha mutu. Leo nimewasha ile bibliotek niliyoleta shuleni, huku mutaa wa Saio: kisanduku kidogo kama redio, ndani iko mafilme ya masomo ya sayansi. Nikaweka filme ya damu. Sauti ilisema Kifaransa ya mbio-mbio, wanafunzi wakaanza kuangalia mvua kwa dirisha. Direktere, mukubwa wa shule, akaninong'oneza: "Mama, wasipoelewa leo, hii kitu inarudi mu karto yake, mule ilitokea."

Ndipo Mwalimu Mateso, muzee wa kufunga kravati shingoni anayefundisha biolojia, akakata sauti ya filme. Akasimama mbele ya picha, akatafsiri kama wale vijana wanaotafsiria watu mafilme mu vyumba vya video: "Bandi, ule mubaya wa filme, ni huyu mikrobi! Anaingia kwa mulango ya kidonda! Lakini akteri wetu, shujaa wa filme, chembe nyeupe ya damu, iko anakuja!"

Mikrobi ilipomezwa, wanafunzi wakapiga mabenchi kwa shangwe. Direktere naye akapiga.

Binti mumoja akauliza: "Mwalimu, huyo akteri anakaa wapi?"

"Iko ndani yako, mutoto yangu."

Kila mutu akatafuta kovu yake.

Usifungue bandeji upesi, Yaya. Akteri yako iko kazini, na siye wa Bunia tunamupigia mabenchi.

Mudogo wako,
Neema