Swali la Paskalina Kuhusu Mwanga

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Goti la bibi yako limepata nafuu, na maharage ya shamba la Nakwa tumeshavuna. Umeniuliza kama mwanga una tungamo. Swali hilo niliulizwa miaka ile ya uhaba wa bidhaa, nikiwa mwalimu kijana wa sayansi hapa Babati.

Niliandika ubaoni kwamba kila kilichopo duniani kina tungamo. Mwanafunzi wangu Paskalina akaonyesha jua lililoingia dirishani. "Na huu mwanga, Mwalimu?" Sikujua jibu. Nikamwambia akae chini aache upuuzi, darasa zima likamcheka.

Siku tatu hakuja shule. Nikaazima kitabu kwa padri, nikasoma, kisha nikatembea hadi kwao Mutuka. Nilimkuta shambani na baba yake, ambaye alishaamua binti abaki kulima.

"Mwalimu, umekuja kote huku kwa swali la mtoto?" baba yake akauliza.

"Nimekuja kumwomba radhi," nikasema. Nikamweleza Paskalina kwamba kitu chenye tungamo kubwa ni kigumu kukisukuma au kukisimamisha. Mwanga hauna tungamo, lakini unasukuma, kidogo sana, kila unachokigusa.

Paskalina akatazama kiganja chake juani. "Kama hauna tungamo, unasukumaje?"

Baba yake alinikazia macho. Niliona aibu, Neema, lakini nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mwanafunzi: "Sijui."

Baba yake akamnyang'anya binti jembe. "Kesho urudi shule," akamwambia, "mkalitafute jibu hilo pamoja."

Nakuombea heri,
Babu yako