Mipira Niliyompigia Kumpadre

Jumanne, 7 Januari
Tumefungwa mechi ya besiboli. Mpira mrefu umemwangukia nyuma ya mgongo Rumaldo, mlinzi wetu wa katikati nyuma, na mji mzima wa San Pedro umeona. Meneja Anselmo akaniuliza mimi, kocha wa walinzi wa nyuma, nimeona nini. Nikasema upepo. Upepo gani! Bendera zilikuwa zimelala.

Nimecheza kushoto kwake misimu minane. Miguu yangu ilipokwisha nikawa kocha. Yake imekwisha, ila yeye bado anacheza. Nilimsimamia bintiye ubatizo. Tangu hapo tunaitana kumpadre, na kumpadre haambiwi hapana.

Jumatano, 8 Januari
Mazoezi. Kazi yangu ni kupiga mipira ya juu kwa gongo, wao wadake. Rumaldo nampigia laini, pale pale aliposimama. Deivi, anayeitaka nafasi yake, ana mdomo: “Mwalimu, mzee mbona unampakulia sahanini?” Wenzake wakacheka. Nikamkimbiza ukuta hadi ukuta mpaka ulimi ukatoka nje. Lakini kasema kweli, na imeniuma.

Ijumaa, 10 Januari
Rumaldo kaja nyumbani na pasteli za mama yake, ndizi za kupondwa zilizofungwa kwenye majani, bado za moto. Nikajua ana shida. Bintiye Yokasta anatua kesho kutoka New York — hajamwona baba yake uwanjani tangu akiwa mdogo. Mechi ya Jumapili ndiyo ya kuingia fainali. Rumaldo anataka nimwambie meneja kwamba yuko fiti.

“Neno moja tu, kumpadre.”

Nikasema sawa. Pasteli nikazifunika tena majani.

Jumapili, 12 Januari
Naandikia chumba cha kubadilishia nguo. Mechi bado.

Nilimwambia meneja kwamba Rumaldo yuko fiti. Hakubisha. Alikuja kusimama ubavuni kwangu wakati wa mazoezi ya kabla ya mechi, akasema nimpigie Rumaldo za ukutani, zile ndefu za kukimbilia. Nikapiga laini, mazoea. “Za ukutani,” akarudia. Yokasta alishakaa jukwaani, anapunga kofia.

Nikapiga kweli. Rumaldo akageuka, akakimbia vizuri kidogo, halafu miguu ikamgomea. Mpira ukagonga ukuta. Akaufuata mwenyewe, akaja nao mpaka kwangu, jasho tupu.

“Mwezi mzima unanihurumia, unadhani sijui? Piga.”

Nikapiga. Moja akaidaka, mgongo ukutani, Yokasta akapiga kelele. Nyingine zote zikampita. Meneja akaingia ofisini. Sasa hivi katuma mtu: wa kucheza katikati nyuma nimtajie mimi, yeye ataandika jina nitakalosema.

Rumaldo kakaa benchi la mbele yangu. Haniombi tena. Heri angeniomba!

Ananiita tena, Anselmo.

Nimemwambia Deivi akapashe mwili moto. Sikunong'ona. Rumaldo amesikia — anafunga kamba za viatu, anazifungua, anafunga tena.