Kontena Likigoma

Jumatatu, 2 Juni
Nimefagia. Nimefuta vumbi kwenye kompyuta ya Fidelis, ile kuukuu iliyo juu ya kabati. Taa ya kijani inawaka. Wiki ya tisa tangu nimzike mume wangu. Silii. Sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Juni
Umeme ulikatika mchana, ukarudi. Kompyuta imewaka ila kamusi haifunguki. Ndiyo tovuti yake ya maneno ya Kiha. Aliiweka hapahapa nyumbani, hakutaka ikae kwenye mashine za watu. Kila neno alilisoma na kulirekodi mwenyewe. Sina sauti yake nyingine popote. Mama mkwe huja kutoka Ujiji kila Jumapili baada ya misa ya kwanza. Hubonyeza "Mwakeye", salamu ya asubuhi. Humsikiliza mwanawe, ila haitikii.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata daftari lake. "Kontena likigoma, lifute, anzisha jipya. Sauti hazimo humo, ziko kwenye folda ya stoo." Chini, amri mbili kwa kalamu nyekundu.
Aliwahi kunieleza. Kontena la kompyuta si la chuma, ni programu inayoendesha kamusi: ni sufuria tu, unga uko stoo. Nilikuwa nachambua dagaa. Niliitikia tu.

Ijumaa, 6 Juni
Shemeji Yusto, mdogo wa Fidelis, kapita akitoka kazini bandarini. Nimemsomea daftari. Kacheka.
"Shemeji, makontena ndiyo ugali wangu! Ukitupa kontena, umetupa na mzigo. Usiliguse hilo."
Sijaligusa. Naogopa. Ni kitu cha kwanza kukihisi tangu msiba.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Mama atafika saa nne.
Nimewaza hivi: Yusto anajua makontena ya chuma. Haya aliyajua Fidelis.
Nimeandika amri ya kwanza, herufi moja moja. Kontena limefutika. Nimeandika ya pili. Nimesubiri. Bata wa jirani wanapiga kelele.
Kamusi imefunguka. Sikujaribu sauti. Sikuthubutu.
Mama kafika, kavua viatu, kakaa mahali pake. Sikumwambia kitu. Kabonyeza.
"Mwakeye."
Ni yeye. Na nyuma yake, mbali kidogo, mfuniko wa sufuria ukigonga. Mimi huyo, jikoni, siku aliyorekodi. Sikuwahi kuusikia.
Mama hakuitikia, kama kawaida.
Safari hii mimi niliiitikia salamu yake.