Mkeo Si Mgeni, Bakari

Mwanangu Bakari,

Salamu zako ninazo, lakini leo sikupi. Nasema mimi, jirani anaandika, na nimemkataza kunilainishia maneno. Barua hii isome kwa sauti huko Moa ulikokimbilia, mjomba wako na wenzake wa barazani wasikie.

Umetuma neno kwamba mkeo Mwanaidi aache kazi ya kiwanda cha kamba, akuletee mtoto, ndipo yaishe. Yaishe nini? Jino lake ulilomng'oa limeota?

Nilikuwepo, baba. Mkeo alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, vumbi la katani hadi kwenye nyusi. Akabisha hodi polepole, mlango wake mwenyewe, asikuamshe siku yako ya mapumziko. Mwanao Salimu akamjibu kwa adabu tuliyomfundisha: "Karibu mgeni." Mwanaidi akacheka, kicheko kikageuka kilio. Ukatoka chumbani: "Umesikia? Hata mwanao hakujui!" Ukampiga ngumi ya mdomo. Akaangukia jiko, uji wa moto ukammwagikia mapajani, nawe ukamfuata chini na mkanda. Ndipo nikachukua mchi, nikakupasua kichwa. Sijutii. Ningekupasua tena.

Wewe je? Unakwenda bandarini Salimu hajaamka, unarudi kalala. Hakuiti mgeni kwa sababu huna adabu ya kubisha hodi!

Najua mnyapara wako anakutukana mbele za watu. Lakini Salimu alipougua, mkeo aliomba ruhusa, akaambiwa achague kazi au mtoto. Wewe hata kuomba hukuomba. Ukasema, "Kuuguza ni kazi ya wanawake." Kazini mnakwenda nyote, kupika anapika yeye, na mkanda anakula yeye.

Unakumbuka tulipokaa Ngamiani? Nilichelewa kurudi kuuza vitumbua, baba yako akanichoma shingo kwa chuma cha kuvigeuzia. Ulitoka nyuma ya pipa la maji, ukanishika kanga: "Mama, nikikua nitamuua." Umekua, Bakari. Umekuwa yeye.

Mwanaidi haachi kazi. Salimu haji Moa. Akisikia sauti ya mwanamume anajikojolea, tena mchana kweupe. Rudi peke yako, ulale kwangu. Jifunze kumpikia mwanao na kumwogesha. Mkeo akikutaka tena, shauri lake. Akikukataa, utamwandikia talaka mbele yangu.

Nasikia umekonda. Kula, mwanangu. Ukija nitakupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikulishe kwa mkono wangu. Na ukimgusa tena, nitakuzika kwa mkono huo huo.

Mimi mama yako,
bibi yake Salimu