Kiti cha Dirishani Bado Ni Chako

Dada yangu wa Sukari Kidogo,

Nimeolewa! Nimetaka neno hilo likufikie kabla ya salamu, kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, halafu ungepiga kelele mpaka majirani wa kwenu huku Woodley wachungulie. Nimeolewa na Saa Mbovu, dada. Yule yule! Pete iko kidoleni sasa hivi, na kila nikibonyeza herufi inameremeta, nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Sijui kama bado unapita hapa kwenye blogu yangu. Tangu uandike zile sentensi mbili za mwisho kwenye yako, kwamba mama amezikwa bila wewe na kwamba huna maneno tena, umenyamaza. Barua pepe zangu hujazijibu. Kwa hivyo naiweka barua hii hapa wazi, mbele ya wasomaji wetu wote, mahali ulipozoea kunipata.

Unakumbuka ulivyonipata mara ya kwanza? Nilikuwa msichana wa mapokezi kwenye kliniki ya meno mjini, nimemaliza kidato cha nne, na kuandika hakukuwa hata mawazoni mwangu. Saa ya chakula, wagonjwa wakipungua, nilitafuta kwenye kompyuta ya kazini jinsi ya kupika chapati zisizogeuka mbao. Nikaangukia blogu yako, Sukari Kidogo. Ulikuwa umesimulia jinsi mama yako alivyokuwa akionja chapati zako, akitafuna polepole, kisha akisema tu, "Tutajaribu tena Jumapili." Nilicheka mpaka mgonjwa mmoja akagonga meza.

"Madam, jino langu linaniua na wewe unacheka?"

Nikakuandikia pale chini kwamba zangu hata mbwa wa mtaani kwetu Kinoo wanazikataa. Ukanijibu: "Karibu, keti."

Ndivyo ulivyompokea kila mgeni. Sehemu ya maoni uliiita sebule, na aliyeandika wa kwanza alipewa kiti cha dirishani. Watu wazima wenye kazi zao walikikimbilia kiti hicho kama watoto! Nami nilipofungua blogu yangu, nikaiita Kinoo Kwetu, nilidhani hakuna atakayeisoma. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi nikakuta neno lako: "Nimekalia kiti cha dirishani. Haya, tupe stori." Tangu siku ile hukuwahi kukosa kiti hicho kwangu. Dada, mimi sikuwa nimewahi kuulizwa nafikiri nini. Kazini niliulizwa daktari yuko wapi. Wewe ulinitaka stori.

Na ile siku sisi wa sebule tuliyokubaliana tuonane mjini! Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kusema anafananaje. Tulijuana kwa maneno tu, basi tukadhani maneno yatatosha. Nikapanda ngazi za ule mkahawa, nikakuta watu wamekaa kila mmoja kwenye meza yake, kila mmoja na soda yake, wanatazamana kwa kuibiana. Nami nikakaa peke yangu, nikajificha nyuma ya menyu. Soda yangu ilikwisha, barafu ikayeyuka. Ndipo mwanamke mmoja wa sketi ya maua aliposimama katikati akauliza kwa sauti:

"Nani hapa chapati zake ni ngumu?"

Mhudumu akashtuka. "Madam, zetu ni laini kabisa."

Kabla sijainua mkono, kijana mmoja mrefu akanyanyuka kule pembeni, akaja moja kwa moja mpaka kwako, akakunyooshea mkono. "Wewe ndiye Kinoo Kwetu. Ningekujua popote."

Ukamwangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani. "Umekosea kiti, kaka. Mwenye chapati ni yule nyuma ya menyu."

Mkahawa mzima uliangua kicheko, maana karibu mkahawa mzima tulikuwa ni sisi! Tukaunganisha meza. Mutua, ndilo jina la kijana yule, aliona haya hivi kwamba alikaa mbali nami mchana kutwa, na mimi nikaona haya kwa sababu nilitamani akae karibu. Wewe uliona yote. Ulipokuwa unaniaga uliniambia sikioni, "Huyo atarudi. Ni saa yake tu ndiyo mbovu." Tangu siku hiyo sebuleni akawa Saa Mbovu.

Lakini siku niliyojua kweli kwamba nampenda, wewe pia ulikuwepo. Ni katika yale majuma mabaya baada ya uchaguzi, watu walipokuwa wakiogopa hata kwenda dukani. Uliifungua sebule ukaandika kwamba huhitaji stori, unahitaji neno moja tu kutoka kwa kila mtu: Nipo. Nikaandika langu. Wakaandika wengine, wa makabila yote, mmoja baada ya mwingine. Kisha ukaandika: "Saa Mbovu hajafika. Nani ana habari zake?" Hakuna aliyekuwa nazo. Nilikaa mbele ya ile kompyuta ya kliniki nikiwa siwezi hata kupokea simu. Siku iliyofuata likaja neno lake, limechelewa kama kawaida: "Nipo. Saiba ya mtaani, ninakopata intaneti, ilikuwa imefungwa." Nililia mpaka daktari akadhani ni jino.

Halafu ukaenda kule ng'ambo kutunza wazee wa watu, ukatuandikia habari za baridi inayouma masikio. Kisha mama akafa, na karatasi zako hazikukuruhusu kupanda ndege.

Nataka nikwambie jambo ambalo labda hakuna aliyekwambia. Tulikwenda mazishini. Sebule nzima ilikwenda. Hatukuwahi kumwona mama yako akiwa hai, lakini tulijua alivyotafuna chapati, tulijua alivyokuwa akiita paka wake. Mchungaji alipoita watoto wa marehemu waweke udongo, ndugu yako mdogo alisimama peke yake, akageuka akatuangalia. "Wale wa dada, njooni." Tukaja. Mama yangu alikuwa amenisindikiza, na yeye ndiye aliyenishika mkono.

Huyo mama yangu, unajua alivyokuwa akiwashuku ninyi. "Hawa watu wa kompyuta," alikuwa akiniuliza, "wana mama zao kweli, ama wanazaliwa tu huko?" Baada ya siku ile hakuuliza tena.

Sasa sikia ya sherehe yetu nyumbani Kinoo. Kwetu, kama unavyojua, bibi harusi hufunikwa leso gubigubi pamoja na wasichana wenzake, wakapangwa mstari, na bwana harusi lazima amtambue wake. Akikosea, faini. Binamu zangu ni wachache, basi mstari ukajazwa na sebule. Wanawake ambao Mutua amewasoma miaka yote, wote chini ya leso, wamebana vicheko! Tulipokuwa tunafunikwa, mama akauliza, "Na yule wa Woodley?"

Nikamwambia, "Mama, si unajua hayupo."

Akaingia ndani, akatoka na kiti cha sebuleni kwetu, kile cha karibu na dirisha. Akakiweka kando yangu, akakifunika kwa leso yake mwenyewe, ile nyekundu ya kwendea kanisani. "Akija atakaa," akasema.

Mimi chini ya leso sikuona kitu. Nilisikia tu viatu vya Mutua kwenye nyasi. Vikampita wa kwanza, vikampita wa pili. Vikafika karibu nami mpaka nikasikia harufu ya ile sabuni yake. Moyo wangu! Kisha vikanipita. Vikasimama.

"Ni huyu," akasema Mutua.

Shangazi Wairimu akapiga yowe. "Ngai! Kijana ameposa kiti!"

"Mkamba wa watu," akadakia mwingine, "hicho hata chapati hakipiki!"

"Hata huyo mwingine, zake mnazijua," akajibu Mutua, na watu wakacheka mpaka hema likatikisika. Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Nilikosea hapa mara ya kwanza. Asingekuwa mwenye kiti hiki, hata leo ningekuwa sijampata mwenzangu. Nimeanza hapa makusudi. Nitalipa faini."

Akakiinamia kidogo kile kiti, kama mtu anayesalimia mkubwa wake. Ndipo akarudi hatua moja akaivuta leso yangu, akanikuta nimelowa machozi, vipodozi vyote vimeshuka shingoni. Alitozwa kreti ya soda. Shangazi anasema hajawahi kuona faini tamu kama ile.

Tumepanga nyumba ndogo nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Jioni mimi hupita mbele ya nyumba ya mama yako pale Woodley. Waliohamia wamelipaka lango rangi ya kijani, lakini ule mti wa mapera umeachwa, na paka ni yule yule. Nikimwita kwa jina lile, anakuja.

Dada, labda unaona kwamba mtu ambaye hakumzika mama yake hana haki ya kukaa na watu wanaocheka. Mimi nakuona ukifikiri hivyo, maana nakujua kwa maneno, na kwa kunyamaza pia nimeanza kukujua. Sikuombi stori. Sikuombi ucheke.

Wasomaji wetu wote wamenikubalia jambo moja: chini ya barua hii hakuna atakayeandika kabla yako. Ikichukua juma, ikichukua mwaka, maoni yatabaki sufuri. Mutua amekaa hapa kando yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake amewahi, na nimempiga kofi la mkono asiguse kibodi. Kiti kiko dirishani, leso ya mama bado iko juu yake. Tuandikie lile neno moja tu, ulilotuomba sisi.

Mdogo wako wa chapati ngumu,
Kinoo Kwetu